Nauli ya mwandishi wa habari ilipwe na nani?

Taasisi ikizindua mradi leo na kualika vyombo vya habari, kesho magazeti manne hutoka na habari moja, nukuu zile zile, pengine hata kosa lile lile la tahajia lililokuwa kwenye taarifa waliyogawiwa waandishi. Msomaji akiona hivyo hasubiri maelezo: wamehongwa. Afisa uhusiano aliyeandaa shughuli atakana. Hakuna aliyehongwa, watu wamerudishiwa nauli tu. Mwandishi atasema hivyo hivyo, na ataongeza kwamba mwajiri wake hakumpa hata pesa ya daladala. Mwanasheria atafungua sheria na kukwambia inategemea. Mkanganyiko huu uko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na uko Goma na Bukavu, ambako waandishi huyaita malipo hayo "coupage".

Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, ndiyo maana mjadala huzunguka palepale. Bahasha hiyo ya nauli imebebeshwa maswali matatu kwa mpigo: nani agharimie kazi ya habari, nani aamue kipi kiwe habari, na msomaji ana haki ya kujua nini. Tukiyatenganisha, tutaona kwamba hasira nyingi zimeelekezwa kwenye fedha ndogo na kwa mtu aliye dhaifu kuliko wote wanaohusika.

Ilikotoka

Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ya kampuni tanzu ya reli ya Pennsylvania, nchini Marekani, iliacha njia darajani karibu na Atlantic City ikatumbukia majini. Watu 53 walikufa. Desturi ya makampuni ya reli wakati huo ilikuwa kuficha ajali kadiri inavyowezekana. Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuanza kuyashauri makampuni, aliishawishi kampuni ifanye kinyume: itoe taarifa ya maandishi yenye mambo yaliyothibitishwa, na iwasafirishe waandishi hadi eneo la ajali kwa gharama yake. Taarifa ile mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Kwa hiyo siku ambayo taaluma ya uhusiano inapenda kuihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake, suala la nani amlipie mwandishi usafiri lilikuwapo tayari.

Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Hepburn ambayo, pamoja na mambo mengine, ilibana tiketi za bure ambazo makampuni hayohayo yalizoea kuwagawia watu wenye ushawishi, wahariri wakiwemo. Reli ni zile zile na usafiri ni wa bure vilevile, lakini mambo mawili yalikuwa tofauti kabisa. Lee aliwapeleka waandishi penye habari ambayo kampuni ingependa isionekane. Tiketi ya mhariri haikumpeleka kwenye habari yoyote. Ilimfanya awe rafiki. Tofauti hii tutaihitaji mbele.

Kwetu mambo yalikuja kwa njia nyingine. Tanzania ya chama kimoja ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, Daily News, Uhuru na shirika la habari SHIHATA. Mwandishi alipopanda Land Rover ya mkuu wa mkoa, hakuna aliyeuliza nani kalipia mafuta, kwa sababu dereva, mkuu wa mkoa na mwandishi wote waliishi kwa fungu moja la umma au la chama. Magazeti binafsi yalipochipuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na redio na televisheni binafsi zikafuata, idadi ya waandishi iliongezeka haraka kuliko mishahara yao. Wengi waliingia kazini kama makorespondenti wanaolipwa kwa kila habari iliyochapishwa, bila mkataba, bila nauli. Gari la serikali liliendelea kuwabeba, na pale ambapo halikuwapo, fedha zilishika nafasi ya gari.

Karatasi ya mahudhurio

Anayetaka kuelewa malipo haya aitazame karatasi inayozungushwa ukumbini wakati mgeni rasmi anasubiriwa. Ina safu za namba, jina, chombo, simu na sahihi. Zamani sahihi ndiyo iliyokuwa na kazi, kwa kuwa bahasha zilitolewa mlangoni. Siku hizi safu ya simu ina uzito zaidi: fedha huingia kwa M-Pesa jioni, na afisa habari hahitaji kusimama mlangoni na mkoba.

Karatasi hiyo haitupwi. Inarudi kwa mhasibu, kwa sababu afisa alichukua masurufu na lazima ayarejeshe kwa vielelezo. Kwenye bajeti kuna kifungu cha "posho ya waandishi" au "gharama za vyombo vya habari", na mkaguzi wa hesabu akija ataiona. Kwa maneno mengine, malipo tunayoyazungumza kana kwamba ni siri yana fungu, fomu, sahihi na faili. Mkurugenzi anajua, mhasibu anajua, mkaguzi anajua, mhariri anajua. Msomaji peke yake ndiye hajui.

Karatasi hiyo inafichua jambo la pili. Aliyetembea kutoka mtaa wa pili na aliyetoka Kibaha kwa basi wote wanapata kiasi kimoja. Nauli isiyoangalia umbali ina lake jambo. Na mwisho wa orodha hukosi majina ambayo hakuna mhariri anayeyatambua, wale ambao wenzao huwaita makanjanja: wana kamera shingoni na kitambulisho kilichotengenezwa stendi, na hawana pa kuipeleka habari. Wamekuja kwa ajili ya safu ya simu.

Wanaotaka marufuku

Upande wa kwanza unasema hakuna nusu nusu: mwandishi asipokee kitu kutoka kwa anayeandikwa. Wana maandiko ya kutosha. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Habari ya Kenya ya mwaka 2013 zinamtaka mwanahabari asipokee zawadi, upendeleo wala malipo kutoka kwa wanaoweza kutaka kushawishi habari. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, linakataza hongo na vishawishi katika kanuni zake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania, Na. 11 ya mwaka 2007, haiwahusu watumishi wa umma peke yao. Inamgusa pia anayepokea manufaa ili atende au asitende jambo katika shughuli za mwajiri wake binafsi. Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 inayataka hata makampuni binafsi yawe na taratibu za kuizuia. Maafisa uhusiano wanaodhani hatari yote iko kwa mpokeaji wazisome tena: mtoaji naye yumo.

Nguvu ya upande huu ni uwazi wa mpaka wake. Sheria ya "usipokee" haihitaji mizani wala kikao. Inamlinda hata mwandishi mwenyewe, maana akikataa anaweza kuisingizia kanuni na asionekane anajitia utakatifu mbele ya wenzake.

Udhaifu wake ni kwamba inaondoa fedha bila kuondoa gharama. Korespondenti wa redio aliyeko Songea akitaka kwenda Mbamba Bay, zaidi ya kilomita 150, kuangalia gati au zahanati, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mahali pa kulala inaweza kumeza malipo ya habari kadhaa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inavitaka vyombo viwawekee waajiriwa bima na hifadhi ya jamii, lakini yeye si mwajiriwa. Ni jina juu ya habari. Ukimwambia asipokee kitu kwa yeyote na mwajiri asimpe kitu, umemwambia abaki Songea. Anayeumia kwa marufuku hiyo ni mwananchi wa Mbamba Bay. Mkurugenzi wa Dar es Salaam atapata kamera kumi vyovyote vile, kwa kuwa watu wanafika ofisini kwake kwa daladala.

Wasemao nauli si rushwa

Upande wa pili ndio wenye wafuasi wengi, ingawa wachache wanausimamia hadharani. Hoja yao bora haisemwi mara nyingi inavyostahili: tunaishi katika utamaduni wa posho. Mbunge ana posho ya kikao. Ofisa akienda warsha analipwa kwa kukaa kitini. Mwanakijiji aliyeitwa na shirika kuchangia mawazo kuhusu kisima chake mwenyewe hupewa soda na nauli. Mwandishi ndiye mtu pekee ukumbini anayeambiwa mkono wake ni najisi, tena na watu ambao wameshasaini karatasi yao.

Wanasema pia kwamba noti mbili tatu hazibadilishi sentensi. Mwandishi aliyelipwa nauli bado anaweza kuuliza swali gumu, na wapo wanaofanya hivyo. Hapa nadhani wako sahihi, na palepale ndipo wanapokosea. Bahasha ndogo hainunui sentensi. Inanunua siku. Korespondenti anayelipwa kwa habari ana asubuhi moja na njia mbili: kwenda kwenye uzinduzi ambako kuna chai, taarifa iliyokwisha kuandikwa na nauli, au kwenda kwa gharama yake kuwasikiliza wakulima ambao hawajalipwa fedha za mazao. Hahitaji kuwa mla rushwa ili achague uzinduzi. Anahitaji tu kuwa na kodi ya nyumba. Ukijumlisha asubuhi hizo kwa nchi nzima, unapata magazeti yaliyojaa warsha, makabidhiano ya madawati na viongozi ambao "wamewataka wananchi" kufanya hili na lile. Hakuna neno la uongo lililoandikwa, ila nchi iliyoandikwa ni ile yenye maafisa uhusiano. Wakulima hawana afisa habari.

Kuna tatizo la muda pia. Usafiri uliotolewa kabla unamwezesha mtu kufanya kazi. Fedha inayongoja mpaka habari itoke, tena kwa kutuma kiungo au picha ya ukurasa kama ushahidi, ni malipo ya bidhaa iliyopokelewa. Kuziita zote nauli ni kuchanganya mambo mawili ambayo hata mhasibu asingeyaweka kwenye fungu moja.

Lipeni chombo, si mtu

Njia ya tatu inapendwa na wahariri: taasisi inayotaka waandishi wafike mbali iwasiliane na chumba cha habari, iletewe ankara, ilipe, ipewe risiti. Ikitaka ukurasa mzima wa sifa, inunue tangazo na ukurasa uandikwe kuwa ni tangazo. Mfano unaotajwa ni Ikulu ya Marekani, ambako waandishi wanaosafiri na rais hutozwa gharama za safari na ankara huenda kwa waajiri wao. Kule chombo ndicho kinachomlipa mwenyeji, sivyo taasisi inavyokilipa chombo huku, lakini kanuni ni ileile: fedha hupita kati ya ofisi na ofisi, hazipiti mkononi mwa anayeandika.

Faida yake ni dhahiri. Makanjanja hawana ofisi, kwa hiyo wanaondoka wenyewe. Mwandishi hajui aliyelipa kiasi gani na hana deni la shukrani. Afisa uhusiano ana risiti ambayo anaweza kuionyesha popote bila kuona haya.

Lakini njia hii inatufikisha kwenye bahasha kubwa ambayo wanaokemea ile ndogo hawaigusi. Katika Afrika Mashariki serikali ni miongoni mwa watangazaji wakubwa kabisa, na madeni ya matangazo ya serikali yamekuwa kilio cha miaka mingi cha wamiliki wa vyombo. Kenya ilikusanya matangazo ya serikali chini ya wakala mmoja mwaka 2015 kwa sababu ya kubana matumizi. Machi 2024 barua ya katibu wa wizara anayesimamia utangazaji iliagiza matangazo ya redio na televisheni ya taasisi za serikali yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, agizo lililopingwa mahakamani. Iwe sababu za barua ile zilikuwa njema au mbaya, karatasi moja iliweza kuhamisha fedha ambazo bahasha za mwaka mzima za waandishi wote wa Nairobi zisingezifikia. Mhariri anayejua hilo hahitaji kuambiwa habari ipi aipunguze makali. Kumfukuza korespondenti kwa noti mbili huku ofisi ya juu ikisubiri malipo ya toleo maalumu la kumpongeza waziri ni kuchuja mbu na kumeza ngamia.

Kuhamisha malipo kutoka kwa mtu kwenda kwa chombo, basi, kunafanya kazi pale tu ambapo ndani ya chombo upande wa biashara hauamrishi upande wa habari. Palipo na ukuta huo, ni suluhisho. Pasipo na ukuta, bahasha imepanda ghorofa.

Tujitangaze wenyewe

Njia ya nne imekua kimyakimya. Wizara, benki na mashirika yana chaneli za YouTube, wapiga picha na wahariri wao. Hawahitaji kumwita mtu. Wanatengeneza habari, wanaituma kwenye kundi la WhatsApp la waandishi, na wasioichukua watajuana na wasomaji wao. Angalau hapa mtazamaji anajua nani anasema. Kwa kutangaza tarehe ya mwisho ya usajili au mabadiliko ya bei ya maji, sioni sababu ya kukusanya waandishi 20 ukumbini.

Shida ni siku ya ajali. Kampuni iliyojizoesha kujihoji yenyewe kwa miaka mitano itakapopata mlipuko kiwandani itatoa taarifa nzuri sana na hakuna atakayeiamini. Ndipo itakapomtafuta mwandishi mwenye jina, na kugundua kwamba haimjui, kwa sababu wale inaowajua ni wa kwenye karatasi ya mahudhurio.

Kwenye mizani

Nikiziweka njia hizi pamoja, ile ya marufuku ina haki katika lengo na haina mguu wa kusimamia. Ile ya nauli ina ukweli kuhusu maisha ya waandishi na inakataa kuona inachokinunua. Ile ya ankara ndiyo ninayoipa uzito zaidi, kwa masharti ambayo tiketi na treni ya mwaka 1906 zilishatuonyesha.

Msaada ufungwe kwenye safari halisi. Basi dogo linaloondoka na waandishi saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mbamba Bay ni jambo jingine kabisa na fedha taslimu inayotolewa kwenye hoteli ya katikati ya jiji. Mjini, ambako kila mtu anafika kwa daladala, kifungu cha posho ya waandishi kifutwe bila majuto. Nje ya mji, kilipwe kwa ofisi ya chombo kwa viwango vinavyofuata umbali, kabla ya safari, na kisitegemee habari kutoka. Mwandishi akishafika, awe huru kwenda mahali ambapo mwenyeji hakumpangia. Taasisi isiyoweza kukubali sharti hilo la mwisho inatafuta tangazo, na bei za matangazo zinajulikana.

Njia hii ina gharama, na si haki kuzificha. Mahudhurio yatapungua, na hapo afisa uhusiano atakutana na kikwazo ambacho mijadala ya maadili huisahau: bosi wake. Viongozi wengi bado wanapima kazi ya kitengo cha mawasiliano kwa unene wa faili la vipande vya magazeti, na wengine huenda mbali zaidi, wakipima sentimita za habari na kuzizidisha kwa bei ya tangazo ili wapate "thamani" yake. Wataalamu wa upimaji wa mawasiliano walikutana Barcelona mwaka 2010 wakatamka wazi kwamba hesabu hiyo haipimi thamani ya mawasiliano. Maofisini kwetu bado inapigwa. Maadamu bosi anahesabu kamera, afisa atanunua kamera, na kumlaumu kwa hilo ni kumwonea.

Gharama ya pili iko kwa redio ndogo za wilayani, ambazo huenda hazina hata mtu wa kuandika ankara. Mifuko ya kuwawezesha waandishi kama ule wa TMF, ulioanza Tanzania mwaka 2008, imeonyesha kwamba mtu wa tatu anaweza kulipia safari ya kijijini bila kuhusika na kinachoandikwa. Udhaifu wake ni utegemezi wa wafadhili, na mfadhili naye ana mada anazozipenda mwaka huu na kuzisahau mwaka ujao. Klabu za waandishi za mikoani zingeweza kushika sehemu ya kazi hiyo, iwapo taasisi zingechangia mfuko wa pamoja badala ya kugawa karatasi kwa karatasi, na klabu ikaamua yenyewe nani aende wapi.

Hata hayo yote yakifanyika, litabaki lile la msomaji. Dawa yake ni mstari mmoja chini ya habari: usafiri wa mwandishi ulilipiwa na taasisi fulani. Kurasa za utalii za baadhi ya magazeti ya Uingereza zimeuzoea mstari kama huo na hakuna gazeti lililofungwa kwa ajili yake. Tatizo ni nani aanze. Gazeti la kwanza kuuchapisha litaonekana limenunuliwa kuliko washindani wake walionyamaza, ingawa wote walipanda basi lile lile, na mhariri yeyote mwenye akili analijua hilo. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa ujasiri wa mhariri mmoja. Mabaraza ya habari ya Tanzania na Kenya yanaweza kuliweka kwenye kanuni kwa tarehe moja, magazeti, redio na mitandao kwa pamoja, likiwahusu pia watangazaji wakubwa na matoleo maalumu ya wizara.